Pale Penye Ufa

Jioni moja ya mwezi wa sita nilifika Tukuyu nimechelewa. Coaster ilikaa mno Uyole ikisubiri kujaa, na tulipoanza kupandisha kuelekea Rungwe ukungu ulikuwa umeshashuka hadi barabarani. Nilipiga hodi kwa bibi mara tatu, hakuitika mtu. Ila nilisikia sauti yake ikitoka korido ya nyuma, ile inayoelekea jikoni. Nikavua viatu, nikaingia.

Bibi alikuwa amesimama gizani. Amejitanda blanketi juu ya kitenge, simu ameinyanyua mbele ya uso, na uso wote unamulikwa na kioo chake. Alikuwa anaongea na kitukuu wake aliye Dar es Salaam, mtoto wa dada yangu, anayejifunza kuhesabu. Mkono wa pili alikuwa ameuegemeza ukutani, maana goti la kushoto linamsumbua tangu mwaka juzi.

"Shikamoo bibi. Mbona hukai?"

"Marahaba mume wangu. Nikikaa simu inakata."

Inakata.

Alipomaliza kuagana na mtoto, akanionyesha chini. Sakafu ya saruji pale koridoni ina ufa mwembamba unaokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Nyayo zake zilikuwa huku na huku ya ule ufa, zimetulia kabisa, kama za mtu anayejua alipo.

"Mtandao wangu uko hapa," akasema. "Nimeutafuta nyumba nzima. Hapa hausumbui."

Aliyefunga mtandao ule ni mimi.

Sebuleni mbele ya kochi

Kufunga mtandao ndiyo kazi inayonilisha. Ofisi za Mwanjelwa, gesti za Soweto, hosteli za wanafunzi kule Iyunga, nyumba za watu Forest, yote mitaa ya Mbeya. Nimefanya miaka kadhaa na najiona fundi. Lakini usiku ule, nimelala chumba cha wageni nikisikiliza mvua kwenye bati, nilijikuta narudia moja moja hatua nilizozifuata siku nilipoifunga ruta ya bibi.

Niliingia. Nikatafuta soketi. Nikatafuta dirisha linalotazama upande wa mnara, kwa sababu ruta yenyewe ni ya laini na inahitaji kuuona mnara. Soketi na dirisha vilikuwa vyote sebuleni, nikashukuru. Nikaiweka ruta juu ya meza ndogo, nikatoa simu, nikasimama mbele ya kochi, nikapima. Mtandao umejaa. Nikamwambia bibi tayari, nikanywa chai, nikageuza Mbeya.

Sebuleni kwa bibi hakai mtu isipokuwa kuna wageni au kuna msiba. Yeye anaishi nyuma, karibu na jiko, kwenye kiti chake cha mbao chenye mto. Nimekuwa mjukuu wake maisha yangu yote na nalijua hilo. Siku ile sikulikumbuka hata kidogo.

Jambo hili lilinikaa kooni wiki nyingi.

Vidole viwili

Asubuhi nilitoa simu yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi, nikaanza koridoni. Juu ya ufa namba ilitulia kwenye hasi sitini na kitu; namba hizi ni hasi, na inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Hatua moja kuelekea jikoni, ikaporomoka karibu hasi themanini. Kwenye kiti cha bibi hali ilikuwa mbaya zaidi, na pale simu ya video haiwezi kudumu.

Wa kwanza kulaumiwa ulikuwa ukuta. Nyumba ile ni ya tofali za kuchoma, na sehemu ya nyuma iliongezwa baadaye, kwa hiyo ukuta unaotenganisha sebule na korido ni ukuta wa nje wa zamani, mnene. Halafu nyuma yake kuna kabati la chuma ambalo marehemu babu alilinunua alipokuwa kwenye chama cha ushirika. Tofali nene linameza mawimbi, chuma kinayarudisha yalikotoka. Maelezo yamekamilika, nikafikiri.

Ila ukuta haukueleza ule ufa. Ukuta ni uleule, upo mbele ya ufa na mbele ya kiti pia. Nikaanza kuisogeza simu taratibu, si kwa hatua, kwa vidole. Vidole viwili kushoto, namba inashuka. Vidole viwili tena, inapanda. Nikasogea, ikashuka tena.

Utotoni tulikuwa tukitoka Tukuyu kwenda Ziwa Masoko, lile ziwa la shimo la volkano, kutupa mawe. Ukitupa jiwe moja, viduara vinatanuka vizuri. Ukitupa mawili kwa pamoja, viduara vinakutana, na hapo ndipo tulipokuwa tunabishana: kuna mahali maji yanaruka juu zaidi, na kuna mahali yanatulia kana kwamba hakuna aliyetupa kitu. Kilele kikikutana na kilele, maji yanapanda. Kilele kikikutana na bonde, vinauana.

Ndani ya nyumba ya bibi ruta ni jiwe moja, lakini mawimbi yake yanafika kwa njia nyingi. Mengine yanapenya ukutani. Mengine yanagonga bati la paa na kushuka. Mengine yanazunguka kwa mlango, yanagonga kabati, yanakuja kwa kuchelewa kidogo. Wi-Fi ya gigahetsi 2.4 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 12.5, na yanapokutana yakitoka pande zinazokabiliana, kutoka kilele hadi bonde ni robo ya urefu huo. Sentimita tatu. Vidole viwili.

Bibi hana programu wala kipimo. Alitembea nyumba nzima na simu mkononi, siku baada ya siku, hadi akapapata mahali pa kusimama ambapo mawimbi yanasaidiana. Akaweka alama kwa ufa wa sakafu. Kazi ile ni upimaji, na aliifanya vizuri kuliko nilivyoifanya mimi.

Gharama yake ilikuwa goti.

Nani asogee

Niliporudi Mbeya nikaanza kusoma usiku baada ya kazi. Nilikuwa natafuta jibu la swali ambalo sikuwahi kulisikia likiulizwa na fundi mwenzangu yeyote: kwa nini anayehama awe mtu siku zote? Sote tumekulia hapo. Kuna mti wa mtandao, kuna kichuguu cha mtandao, kuna simu inayoning'inizwa kwenye msumari wa dirisha na ukitaka kuongea unaenda kuinama pale. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni kuwa ni kazi.

Nikakuta kwamba kuna watafiti wanaoligeuza swali hilo. Miaka yote antena imekuwa kitu kinachofungwa mahali na kubaki hapo. Tumeongeza nguvu, tumebadilisha masafa, tumeongeza idadi. Tangu kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 2009 ruta yenye antena mbili au tatu ni jambo la kawaida, na hilo limepunguza sana makali ya mabonde yale ya vidole viwili. Lakini zote zinabaki pale fundi alipoziweka. Watafiti hao wanasema antena yenyewe iwe na uwezo wa kubadilisha mahali au umbo.

Kai-Kit Wong wa University College London na wenzake wamelifanyia kazi wazo wanaloliita antena ya kimiminika. Sehemu inayorusha au kupokea inaweza kuwa metali ya maji ndani ya kijibomba, au vipande vidogo vingi vinavyowashwa na kuzimwa kwa umeme, ili kifaa kichague chenyewe, ndani ya sentimita chache, mahali ambapo wimbi limepanda. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Hicho ndicho alichokifanya bibi na ufa wake, ila kifanywe na kifaa, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuihisi, na mtu akiwa amekaa.

Kuna kundi lingine linalotumia mota ndogo kuisogeza antena. Hilo sikulifuatilia sana. Kitu chenye mota kwenye vumbi na umeme wetu nakijua mwisho wake.

Halafu kuna la tatu, na hili lilinipata bila kulitafuta.

Kibanio

Mwezi wa saba nilirudi Tukuyu. Mvua. Bibi alikuwa ameanika nguo barazani kwenye kamba ndefu, amezibana kwa vibanio vya plastiki. Akanituma nivisogeze vibanio upande ili apate nafasi ya shuka. Nikabaki nimeshika kimoja mkononi.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma kuhusu kampuni ya simu ya Japani, NTT DOCOMO. Wahandisi wake walionyesha antena ambayo kwa kweli ni kibanio. Unatandaza mkanda mrefu wa plastiki ya aina maalumu, isiyopitisha umeme, na mawimbi yanasafiri ndani yake kama maji kwenye mpira. Tofauti ni kwamba sehemu kidogo ya wimbi huwa inaambaa juu ya ngozi ya mkanda. Ukibana kipande kingine cha plastiki mahali fulani, wimbi linavujia hapo na kumwagika chumbani. Ukikibandua, uvujaji unakoma. Ukikibana mita nne mbele, antena yako sasa iko mita nne mbele. Jaribio lao lilikuwa kwenye masafa ya gigahetsi 60, ambako wimbi lina urefu wa milimita tano tu.

Nilitazama kamba ya bibi. Kamba ni moja, nguo zinabanwa zinapohitajika.

"Umepotelea wapi?" bibi akauliza. Nikamwambia nilikuwa naifikiria kazi. Akasema, "Haya, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaendelea na shuka lake.

Hesabu ya kiti

Mwishoni mwa 2024 Zhiguo Ding, Robert Schober na H. Vincent Poor walitoa uchambuzi wa kimahesabu wa antena hizi za kubana, wakizilinganisha na antena iliyofungwa mahali pamoja. Sikuelewa kila mstari. Lakini kiini chake kinaweza kupimwa kwa utepe wa fundi, na nilikipima.

Chukua chumba chenye urefu wa mita 10 na dari la mita 3. Mtu amekaa mwisho wa chumba, simu iko mita 1 kutoka sakafuni. Antena ikiwa imefungwa darini upande wa pili, umbali hadi kwenye simu ni mita 10.2. Ikibanwa darini juu ya kichwa chake, umbali ni mita 2. Nguvu ya wimbi mahali peupe hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo simu inapokea nguvu mara 26 zaidi. Mnara hujaongeza, umeme hujaongeza. Umesogeza antena tu.

Hapo nilifurahi mno, na nikakaribia kuandika makala hii usiku uleule. Naona ni heri sikuandika.

Kwa sababu nguvu mara 26 si kasi mara 26. Mwanahisabati Claude Shannon alilionyesha hilo mwaka 1948: kasi inakua kwa logi ya nguvu, yaani polepole zaidi kadiri nguvu inavyozidi, siyo kwa nguvu yenyewe. Chukua mtu ambaye tayari mawimbi yake yana nguvu mara 100 kuliko kelele, yaani mawimbi ya ovyo yanayovuruga mapokezi. Mwongezee mara 26, kasi yake haifiki hata maradufu. Sasa chukua yule ambaye mawimbi yake yako sawa na kelele, aliye pembezoni, anayekatikiwa. Mwongezee mara 26 hizohizo: kasi inakaribia mara tano.

Nikairudia hesabu mara mbili.

Maana yake ni kwamba aliyekaa karibu na ruta hapati kitu kikubwa kwenye antena hizi. Anayepata ni wa kona ya mbali. Na sisi mafundi huwa tunapima wapi? Mbele ya kochi. Mteja akiuliza "iko vizuri?" tunamwonyesha namba ya sebuleni. Hata tangazo la ruta linataja kasi ya juu kabisa, ile ya mtu aliyeikumbatia. Tangu siku hiyo naamini mtandao wa ndani ya nyumba upimwe kwa mahali pake pabaya kuliko pote ambapo kuna mtu anayekaa. Mifumo hii ikija kuuzwa huku kwetu, hicho ndicho kipimo nitakachokidai.

Yanayonizuia kulala

Chumba cha kwenye karatasi ni kitupu. Hakina kabati la ushirika. Hesabu nyingi nilizosoma zinadhani wimbi linatoka darini na kumfikia mtu bila kizuizi, na kwenye ukumbi mpana hilo linaweza kuwa kweli. Nyumba ya bibi ina vyumba sita vidogo, na gigahetsi 60 haipenyi tofali la kuchoma. Mkanda itabidi upite kila chumba, utobolewe kila ukuta. Hilo lina faida yake, kwa kuwa ukuta hauzuii tena kitu ambacho kimeshapitishwa ndani yake kwa tundu dogo. Lakini nani anatoboa, na kwa shilingi ngapi?

Kisha kuna suala la watu wawili. Vibanio vyote vilivyo kwenye mkanda mmoja vinamwaga wimbi lilelile. Bibi yuko jikoni, kijana anayemsaidia yuko chumbani anaangalia mpira; mkanda ni mmoja. Ama wapokezane kwa zamu za sekunde ndogondogo, ama itandazwe mikanda miwili. Na ukibana vibanio viwili ili vimsaidie mtu mmoja, vinabidi vipangwe kwa usahihi wa kutisha: wimbi la milimita tano likipishana kwa milimita mbili na nusu, kilele kinakutana na bonde, na tumerudi Ziwa Masoko.

Na nani anasogeza kibanio? Watafiti wanapendekeza vipangwe vingi mapema, viwashwe na kuzimwa, au vitembee kwenye reli. Kwangu hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko hesabu zote.

Lakini kuna shaka lililo karibu zaidi. Bibi hana waya wa faiba. Intaneti yake inakuja kutoka mnarani, inapita juu ya migomba iliyolowa, inaingia dirishani. Siku ya mvua kubwa ruta yenyewe inapata kidogo. Antena ya ndani inaweza kugawa vizuri kile kilichoingia; kukiongeza haiwezi. Ilinibidi nikubali kwamba sehemu ya lawama niliyokuwa naitupia korido ni ya mlima.

Nilikaa na mashaka haya karibu wiki mbili. Sikuyamaliza.

Unataka kukaa wapi?

Mwisho wa mwezi wa saba nilipanda tena Coaster, safari hii na mfuko wa waya na kifaa kidogo cha kurushia Wi-Fi. Si kibanio wala metali ya maji. Ni kifaa cha kawaida cha dukani Mwanjelwa.

Kabla ya kufungua begi nilikaa na bibi jikoni.

"Bibi, ukiwa unaongea na mtoto, unataka uwe umekaa wapi?"

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anahakikisha kwamba namuuliza kweli.

"Hapa hapa," akasema, akakipiga kiti chake kwa kiganja. "Nipate joto la jiko, na nione nani anaingia mlangoni."

Ruta niliiacha dirishani, maana ndiyo inayouona mnara. Waya nikaupitisha juu ya dari, nikauvusha ule ukuta mnene kupitia tundu la zamani la umeme, nikautoa darini juu ya kiti. Pale nikakifunga kile kifaa. Nikakaa kwenye kiti, siyo kusimama, simu nikaishika kwa kimo cha kifua cha bibi, ndipo nikapima. Namba ikawa ya hasi arobaini na kitu, na haikutetemeka nilipoinama wala nilipogeuka.

Kazi nzima ilichukua saa tatu. Ningeweza kuifanya siku ya kwanza.

Jioni tulimpigia mtoto. Bibi alikaa. Simu aliiegemeza kwenye sufuria, mikono yote miwili ikawa huru, akawa anamenya maharage huku anahesabu pamoja na mtoto, kwa sauti, hadi ishirini. Nilikuwa nje barazani nazungusha waya uliobaki na nilisikia yote.

Mwezi wa tisa

Baridi imepungua. Jumapili iliyopita bibi alinipigia simu ya video, na nikaona kwamba ukuta ulio nyuma yake siyo ule wa jikoni. Mwanga ulikuwa unatokea kulia kwake.

"Bibi, uko wapi hapo?"

"Nimesogeza kiti dirishani. Kule jikoni sasa kuna joto, na hapa napata jua la asubuhi."

Akanihamishia kamera nione. Kiti, mto, dirisha, migomba. Kwa makadirio yangu ni mita saba kutoka nilipomfungia kifaa, na kati yao kuna lile kabati. Picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi, ikarudi, ikaganda tena. Iliporudi mara ya tatu nilimwona ameshaweka mkono kwenye mhimili wa kiti, anajivuta, anatafuta pa kusimama.

"Kaa, bibi," nikamwambia. "Kaa hapohapo. Nakuja Jumamosi."